Kila Ubao na Adui Wake

Ukitaka kujua watu wa Dar es Salaam wameficha nini moyoni, usiwaulize siasa wala Simba na Yanga. Watangazie kwamba unabadilisha makabati ya jikoni. Jua halitazama kabla hujapigiwa simu na watu ambao hata ulipofiwa walituma ujumbe tu. Kila mmoja ana lake. Usithubutu kuweka MDF. Usithubutu kuweka mbao. Weka aluminiamu ulale usingizi. Jenga kwa tofali, piga vigae, yaishe. Ukiwasikiliza kwa utulivu utagundua hakuna hata mmoja anayezungumzia jiko lako. Anayekukataza MDF, bomba lilimpasukia akiwa msibani Moshi. Anayekukataza mbao, mchwa walimlia kabati wakaunganisha na fremu ya picha ya harusi. Na yule wa aluminiamu, ukimchunguza, shemeji yake ana karakana ya aluminiamu Kimara.

Kwetu Tabata sababu ya kubadilisha haikuhitaji mjadala. Makabati tuliyoyakuta kwenye nyumba yalikuwa ya chipbodi, ile bodi ya vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi, ikavishwa ngozi nyembamba yenye mistari ili nayo ijione ubao. Chipbodi ikikaa pakavu haina neno. Lakini bomba la chini ya sinki lilikuwa likidondosha tone moja moja, kwa adabu, bila kelele, kwa muda ambao hakuna aliyeuhesabu. Sakafu ya kabati ikavimba, ngozi ikabanduka, skrubu za bawaba zikabaki zinashikilia unga. Mlango wa kushoto ukawa haufunguliwi tena. Ulikuwa unaondolewa, unaegemezwa kwenye friji, ukimaliza haja yako unaurudisha mahali pake kwa mikono miwili. Mgeni akiomba glasi ya maji ilibidi apewe maelezo kwanza.

Siku mlango huo ulipomwangukia wifi yake kidole gumba cha mguu, mke wangu hakusema kitu. Alifungua kabati la vifaa, akachukua futi, akaanza kupima ukuta.

Fundi wa kwanza aliletwa na jirani. Alikuja bila futi, bila penseli, akaazima vya kwetu, akagonga ukuta kwa kiganja, akarudi nyuma hatua moja na kutikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyekwisha kuona kazi nzima.

“Bosi, hapa tunapiga MDF. Kazi inakuwa ya kisasa.”

Nikamuuliza kuhusu maji.

“Maji ya nini tena, bosi?”

“Hapa ni jikoni, fundi.”

Baadaye ndipo tulipojua kwamba alikuwa na bodi za MDF zilizobaki kwenye kazi ya mtu Goba, ziko uani kwake, na mvua zilikuwa zinakaribia. Alikuwa anatafuta pa kuzihifadhi, na jiko letu lina paa.

Tusiisingizie MDF lakini. Ni nyuzi za mbao zilizosagwa mpaka zikalainika, zikachanganywa na gundi, zikakandamizwa kwa joto mpaka zikawa bodi moja ya futi nane kwa nne isiyo na macho wala mishipa. Haipindi, na ukiipaka rangi inateleza hata mkono unapenda kurudi. Yale majiko meupe ambayo mke wangu alikuwa ananionyesha kwenye simu kila tukilala, mengi ni MDF. Ubaya wake ni kwamba picha hazina bomba linalovuja, na hakuna hata moja iliyopigwa baada ya mtu kukaanga samaki.

“Nataka meupe,” alisema.

Nikamkumbusha kuna manjano, kuna tui, kuna mafuta ya mawese, na kuna Neema, mwanetu, ambaye akiwa na njaa hufungua kabati kwa mkono ulioshika chochote alichokuwa anakula.

“Kwani meusi hayachafuki?” akanijibu. “Ila wewe unataka meusi ili usiuone uchafu, usiombwe kuufuta.”

Nikaona mjadala huu hauishi kwa maneno. Nikaenda kwa mafundi mbalimbali nikaomba vipande: MDF, chipbodi, plaiwudi, ile plaiwudi nyeusi ya kumiminia zege ambayo mafundi huiita marine bodi, paini ya Mafinga, na kipande cha mninga chenye ganda lake. Kila kimoja nikakitia kwenye kopo lake la maji, nikaandika jina kwa kalamu nzito, nikayapanga makopo dirishani. Sikutaka ushauri wa mtu tena; nilitaka mbao ziniambie zenyewe.

Na ziliniambia. MDF iliumuka kama andazi, na chipbodi ilipoguswa tu ikarudi kuwa vile vipande vya mbao ilivyokuwa kabla ya kukutana na gundi. Marine bodi ilinishangaza: uso wake mweusi ulikaa bila kubadilika, lakini pembeni, pale iliposhikwa na msumeno, ilikuwa imekunywa maji mpaka tabaka zake zimeanza kupeana nafasi. Plaiwudi ya kawaida ilibadilika rangi, kona moja ikafumuka kidogo, basi. Hiyo inajengwa kwa tabaka nyembamba zinazolazwa kwa kupishana, moja wima, moja mlalo, kwa hiyo tabaka moja ikitaka kutanuka jirani zake wanaikataza. Paini ilikuwa nzito zaidi, lakini sura yake ni ileile. Mninga ulikuwa umekaa tu humo. Kilichobadilika ni maji yake, yaliyogeuka rangi ya kahawia yenye wekundu.

Ni maji hayo yaliyoniletea kesi nyingine. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Sikonge, mkoani Tabora, kumwona mjukuu. Huko kwao miombo ndiyo jirani, na mninga ni mti anaoujua tangu akiwa mtoto. Ukiukata gome unatoa utomvu mwekundu wa damu kabisa, na kwa sababu hiyo watu wengi wa huko huuhesabu miongoni mwa dawa za damu. Asubuhi nilimkuta dirishani, miwani puani, ananusa kopo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Baba Neema, mninga huu nani anaumwa?”

“Hakuna anayeumwa, mama. Ni majaribio.”

“Majaribio ya nini?”

“Ya kabati.”

Alinitazama kwa huruma ile wanayopewa watu waliokulia mjini.

“Kabati haliumwi, baba.”

Kumbishia mama mkwe mimi siwezi, na kopo lilikuwa limeshatoka dirishani. Mchana nilikuta limeoshwa, linaanikwa. Maji yalikwisha kuchujwa, yakatiwa kwenye chupa ya soda na kutumwa Kigogo kwa kaka yake mwenye magoti yanayovimba. Jioni yule mzee akapiga simu kwamba ameanza kupata nafuu na kama kuna ya pili aletewe. Sijui magoti yanajua nini kuhusu mninga, na sijathubutu kumwambia kwamba alikunywa utafiti wangu.

Hata hivyo, katika washauri wote niliowasikiliza, ni mama mkwe aliyesema jambo la mbao tupu. Alikichukua kile kipande, akakigeuza, akaweka kucha kwenye ukingo mweupe ulio karibu na ganda. “Huu weupe mchwa wanakula,” akasema. “Ukinunua, nunua moyo.” Mafundi waliokuja kabla yake walikuwa wameusifu mninga kuwa hauliwi, bila kutaja kwamba ubao unaweza kuwa wa mninga kweli na ukingo wake ukawa futari ya mchwa.

Kuna fundi mwingine hapo katikati ambaye sitamsahau. Yeye alikuja na wazo la kubana matumizi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mbao zilizobaki wakati wa kuezeka, zile za kijani zilizotiwa dawa ya mchwa. Akapendekeza tutengenezee rafu za ndani, za kuweka unga na mchele. Ile rangi ya kijani kwa kawaida ni dawa ya shaba, kromu na aseniki. Juu ya paa haina ugomvi na mtu, lakini chini ya kiroba cha unga ni jambo jingine.

“Fundi, hiyo ni sumu.”

“Ndiyo maana mchwa hawali, bosi.”

“Na sisi je?”

“Nyinyi mnakula ugali, rafu mnaila ya nini?”

Alikuwa na hoja yake, lakini nilimpa nauli.

Usiku usingizi uliponikataa nilijikuta nasoma habari za Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo wa Vienna aliyebuni mwaka 1926 jiko lililokuja kuitwa jiko la Frankfurt. Lilikuwa chumba chembamba chenye makabati ya kujengewa, likafungwa kwenye nyumba kama 10,000 za mji wa Frankfurt, na majiko mengi tunayoyaonyeshana kwenye simu leo yametokana nalo. Mama huyu alikuwa mtu wa hesabu. Droo za unga alizitaka za mwaloni kwa sababu mwaloni una tanini, na wadudu wa unga hawaipendi. Mchele na sukari akavipangia vibweta vya aluminiamu vyenye mdomo wa kumiminia. Makabati akayapaka rangi ya buluu, kwa kuwa ilisemekana nzi hawapendi kutua kwenye buluu. Halafu uzeeni, na alifika mbali maana alifariki mwaka 2000 akikaribia kutimiza miaka 103, akasema wazi kwamba alipokuwa anachora jiko lile hakuwa amewahi kupika.

Hapo nilipata faraja kubwa. Basi hata Ulaya fundi wa jiko hapiki.

Nikamwamsha mke wangu kumwambia habari ya buluu.

“Mende je?” akauliza bila kufumbua macho.

Watu wa Frankfurt hawakufika huko. Nikazima simu.

Jirani yetu, mzee mstaafu wa bandari, alikuwa kambi ya aluminiamu, na kwa haki lazima niseme makabati yake hayana mchwa, hayavimbi, yanafutwa kwa kitambaa mambo yamekwisha. Ila mkewe alinivuta pembeni. Aliniambia tangu yafungwe hakuna siri nyumbani: mzee akiamka usiku kutafuta sukari, ambayo daktari amemkataza, milango inamtangazia hadi nyumba ya tatu.

Tukaenda Keko. Anayeijua Keko anajua kwamba huwezi kupita barabara ile na shida yako ukatoka nayo peke yake. Vitanda vimesimamishwa hadi njiani, vumbi la mbao liko kwenye chai, randa za umeme zinapiga kelele, na kila unapogeuza macho kuna mtu amekwisha kukuita bosi. Tulioneshwa mlango wa kabati mwekundu uliokolea, unang’aa. “Mninga huo, mama, wa Tabora kabisa.” Mama mkwe alikuwa kati yetu. Hakujibu. Aliushika mlango, akaupima uzito mkononi, akaurudisha.

Karakana ya tatu ndani tulimkuta mzee mmoja seremala, kofia ya barghashia, lugha ya taratibu. Alikuwa na mlango wa namna ileile umeletwa na mteja mwenye malalamiko. Akaubana kwenye meza, akachukua randa ya mkono, akapitisha mara moja. Likatoka pande jembamba lililojikunja, upande mmoja jekundu, upande mwingine jeupe pee. Chini ya vanishi na rangi palikuwa na paini, jicho lake limetukodolea.

“Huyu hana kosa,” akasema mzee, akiigonga ile paini kwa kidole. “Wamemvalisha tu nguo ya watu.”

Kwa mzee huyo ndipo tulipoelewana. Mninga halisi anao, na karatasi zake zipo, maana ni mti wa porini na kuuvuna kuna vibali. Ukiuziwa mninga kwa bei ya kutupa, usiku, na mtu asiyetaka kuandika risiti, huo umenunua pamoja na kesi yake. Alitupa pia habari za msaji, ambao nao ni mzuri na unapandwa kwetu tangu enzi za Wajerumani, Longuza kule Muheza na kwingineko. Lakini alimtazama mke wangu, akatazama daftari lake la vipimo, akauliza swali ambalo hakuna fundi aliyeuliza: maji yanaingilia wapi?

Kutokana na swali hilo jiko letu likawa serikali ya mseto. Masanduku ya chini ni plaiwudi ya milimita 18, kila ukingo uliokatwa ukazibwa kwa gundi na vanishi kabla ya kufungwa. Yamekalia tuta la zege lenye vigae, ili maji ya kudekia yasiyafikie. Milango ya chini ni mninga, moyo mtupu, mama mkwe kaukagua. Makabati ya juu, ambako maji yakifika basi nyumba nzima imezama, ni MDF nyeupe, na hapo mke wangu akapata jiko lake la kwenye simu, walau kuanzia kifuani kwenda juu. Chipbodi ilikosa kura.

Milango ile mzee aliitengeneza kwa fremu, na bapa la katikati likaingizwa kwenye mfereji bila gundi. Nilimuuliza kwa nini, nikidhani gundi imemwishia. Akanieleza kwamba ubao hauzidi wala kupungua kwa urefu wake kiasi cha kukusumbua. Shughuli iko kwenye upana. Hewa yetu ya pwani ikijaa unyevu, ubao unatanuka, ikikauka unarudi. “Ukimgundisha, siku moja usiku utasikia paa! amepasuka. Mwachie acheze humo ndani.”

Droo za vijiko, kwa bahati mbaya, hazikutengenezwa na mzee bali na kijana wake, tena kwenye lile joto la kabla ya mvua. Zilikaa barabara, hata karatasi haikupita pembeni. Kijana alijivunia, na sisi tulimsifu. Masika ilipoanza, droo ya vijiko ikagoma kufunguka. Nilivuta. Neema akavuta kiuno changu. Kitasa kikatoka, droo ikabaki. Vijiko vyote vya nyumba, uma zote, na kisu kimoja cha mkate vikawa humo ndani, na mvua nje haikuwa na dalili ya kuchoka. Tulikula ugali sana kipindi hicho. Siku mgeni wa heshima alipokuja na mke wangu akawa amepika supu, tulimpa kikombe, tukamwambia ndivyo inavyonywewa kwao Sikonge, mbele ya mama mkwe, aliyetikisa kichwa kwa upole na hakutusaliti.

Mzee alipokuja na randa yake, akazipunguza droo huku akimsema kijana bila kupandisha sauti. Akanionya kwamba kiangazi zitacheza kidogo.

“Hakuna namna zisicheze?”

“Ipo, weka plastiki.”

Mengine yaliyotokea humo katikati ni ya kila mwenye ujenzi, sina haja ya kuyarefusha: kesho asubuhi ya fundi ambayo haina tarehe, niko njiani ya mtu unayemsikia anaongea na mkewe, na kupikia mkaa ukumbini huku viatu vyote vikinukia dagaa.

Hatimaye siku ya kukabidhiwa ikafika. Mke wangu alifungua mlango mmoja mmoja, akafunga, akafungua tena bila sababu. Bawaba hazikulia. Mama mkwe alisugua mninga kwa kiganja, akaomba apewe yale maranda yaliyosagaa chini, nami sikuuliza ni ya magoti ya nani. Kisha mke wangu akasema tuingize mtungi wa gesi tupike chai ya kwanza.

Chumba cha mtungi kilikuwepo, kwenye daftari kimeandikwa kabisa, pembeni ya sinki, na matundu ya kupitisha hewa yametobolewa kwa ufundi. Kijana wa droo ndiye aliyekipima. Alikipima kwa mtungi wa kilo 6, wa pale karakana kwao. Wetu ni wa kilo 15. Tuliuingiza wima, ukakataa. Tukaulaza, mke wangu akapiga kelele kwamba mtungi haulazwi, na ni kweli haulazwi. Tukang’oa mlango, ukaingia nusu, nusu nyingine ikabaki nje inatazama friji. Kukata fremu ya mninga mama mkwe alikataa kusikia. Kuweka mtungi nje na kupitisha mpira ukutani kunahitaji kutoboa vigae ambavyo gundi yake ilikuwa haijakauka sawasawa.

Nikampigia kijana. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alifika saa aliyosema. Akautazama mtungi, akalitazama tundu, akatoa futi, akapima vyote viwili kwa makini sana, akaandika. Halafu akanigeukia na kuniuliza, kwa sauti ya mtu anayekutakia mema, kama nimewahi kufikiria kupikia umeme.